Kwa Nini Kilua Hutazama Chini

Zamani hizo ua la kilua lilikuwa halijui kuinama, wajukuu zangu. Lilisimama juu ya majani likitazama mbingu, na mpita njia aliliona kabla hajanusa harufu yake.

Palikuwa na mwanamke, Bi Mwanashee, aliyepanda mkilua uani kwake na kuumwagilia maji ya kuoshea mchele miaka saba, asipate hata ua moja. Mwaka wa nane ukachanua, wiki ile ile jirani yake, Bi Esha, alipokuwa akimwoza bintiye. Na desturi ya mji ule, kikuba cha bi harusi, kile kishada cha maua ya kunukia, hakinunuliwi. Kila jirani hutoa ua la uani kwake, na ndiyo dua yake kwa mwari.

Bi Esha akapiga hodi. "Shoga yangu, nimekuja kuomba kilua cha mwanangu."

Bi Mwanashee alikwisha kuufunika mti kwa kanga, na udi unafuka mlangoni kuua harufu. Alitaka anukie yeye peke yake harusini. "Mwaka huu tena haukuchanua," akasema. "Ungechanua, ningekunyima wewe?"

Njia ya mwongo ni fupi, na hii yake haikufika hata mtaa wa pili. Siku ya harusi alichomeka vilua vitatu ndani ya ushungi, akaketi mbele kabisa. Chumba kikajaa wanawake, joto likapanda, na kilua kikipata joto hakina siri. Vichwa vikageuka, kimoja kimoja, na hakuna aliyemwuliza kitu. Laiti wangemtukana.

Ndipo mwari akaja kumwamkia, kikuba chake mrehani mtupu. "Shikamoo, mama," akambusu mkono. Akavuta pumzi, akainamisha macho kana kwamba aliyesema uongo ni yeye. Bi Mwanashee alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alirudi nyumbani mchana kweupe, akauvua mti kanga. Akawaza kuvichuma vyote avipeleke, lakini kikuba kilikwisha kuvaliwa. Akalia kwa aibu mbele ya mkilua wake, uso chini, na maua nayo yakageuka moja baada ya jingine, yakajificha chini ya majani.

Na tangu siku hiyo kilua huchanua kikitazama ardhi, na anayekitaka sharti ainame. Na mwenye mkilua akisikia jirani anaoza, hangoji hodi. Huyapeleka maua mwenyewe, asubuhi na mapema, na hamtazami mtu usoni mpaka yapokelewe.