Jina la Moyo wa Hidaya

Tak! Kikombe kiligonga jino la mjukuu gizani, mara moja tu, na Bibi Nambua akafumbua macho.

Huyo alikuwa na masikio. Mkwewe, Mwanahawa, mama wa mtoto, alikuwa na pua. Sista Elikunda wa kliniki ya moyo alikuwa na kipimo cha damu. Watatu hao walimlinda Hidaya, mtoto wa mji wa Muheza aliyepandikizwa moyo wa mtoto mwingine. Hidaya aliupa moyo ule jina, akalificha. "Nitamnong'oneza mmoja tu," alisema. "Atakayeniokoa."

Asubuhi Bibi alisema, "Mkwe wangu, mtoto anatetemeka. Kikombe kinamgonga meno. Dawa unampa sawasawa kweli?"

Mwanahawa alimtazama. Dawa za asubuhi alimpa yeye mwenyewe. Za jioni, yeye akiwa bado sokoni, ni nani aliyempa kama si Bibi?

"Nami nikuulize, Mama. Ile mizizi yako ya kienyeji, bado unamnywesha?"

Walifika kliniki wamenuniana. Sista alipima damu, akakunja uso. "Dawa imezidi mwilini. Figo zitakufa. Nani anamzidishia?"

Wakanyoosheana vidole.

"Sitaki vidole! Leteni chanzo. Nikipunguza dawa kwa kubahatisha, mwili utaukataa moyo."

Jioni ile Mwanahawa hakwenda sokoni. Alimpakata mwanawe, akamnusa kidevu. Harufu kali, chungu, tamu.

"Mama, nani kampa balungi?"

"Mimi. Namkamulia ateremshie dawa, chungu ile! Tunda la Mungu lina kosa gani?"

Mwanahawa akampigia Sista. "Ndilo hilo!" Sista alisema. "Balungi huizuia dawa isitoke mwilini. Inarundikana."

Balungi likakoma, mikono ikatulia. Siku ya kliniki, Hidaya aliwaita wote watatu.

"Aliyemlisha balungi asisogee hapa," Mwanahawa alisema.

"Masikio haya yasingesikia, ungeamshwa na msiba," Bibi alijibu. "Na pua yako siku zote ilikuwa wapi?"

"Bila damu yangu mezani," Sista alicheka, "mngenuniana mpaka leo."

"Damu yako? Ya mwanangu!"

Mwanahawa alimkazia macho mwanawe. Hidaya alipanda kitini, akalikinga sikio la mmoja wao kwa viganja viwili, akalinong'ona jina.

Je, wewe msikilizaji, ungekuwa Hidaya, ungelinong'ona katika sikio la nani?