Lango la Ndiva na Lugha ya Tindo

Hapo zamani, si zile za mababu bali hizi za juzi, watu wakiwa na simu mfukoni na bado wakigombea maji, palikuwa na kijiji milimani Upareni kikiitwa Kirongaya. Juu ya kijiji palikuwa na ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mto, na kwenye ndiva palikuwa na lango la chuma. Kila mwanachama wa ndiva alikuwa na zamu yake ya maji. Sheria ya ndiva ilikuwa fupi kuliko jina la kamati iliyoisimamia: aliyempotezea mwenzake maji atampa zamu yake. Kosa moja, zamu moja, mtu mmoja. Zamu haikugawanywa, maana nusu ya zamu huishia mferejini ikanywewa na mchanga.

Aliyepotezewa maji safari hii aliitwa Namsifu, Mama Kadeghe kwa majirani. Alitoa miche ya vitunguu kitaluni akaiatika shambani Jumanne, na zamu yake ilikuwa Alhamisi. Alhamisi lango halikufunguka. Ijumaa halikufunguka. Akapanda hadi ndiva, akaikuta imejaa pomoni na lango limefumba kama mdomo wa karani aliyeulizwa swali na mkaguzi. Mpini wa kulifungulia kwa mkono ulikuwa umefungiwa ofisini kwa mujibu wa waraka, na mwenye ufunguo alikuwa wilayani kwenye semina ya huduma bora kwa wananchi.

Kufika Jumatatu, mwenye ufunguo aliporudi na lango likafunguliwa, mahindi ya wenzake, yenye mizizi mirefu, yalikuwa yamekunja majani tu. Miche ya Namsifu ilikuwa imekuwa nyasi za kuwashia moto. Kitaluni alibakiwa na miche ya kuatika mara moja tu, nayo isingengoja wiki ya pili. Bila zamu ya mtu, mwaka ule hakuwa na kitunguu hata cha kujilizia.

Basi ukaitishwa mkutano katika darasa la shule. Walioshtakiwa walikuwa watatu, na kila mmoja alikuwa na shamba na zamu wiki hiyo. Mahindi yao yalikuwa yakitoa mbelewele; kukosa maji wakati huo ni kuvuna magunzi. Na ndivyo sheria ilivyo: aliyekosewa ndiye anayetaja jina. Akitaja asiyestahili, mkutano unamkatalia, na haki yake inaishia hapo hapo.

Namsifu akakaa kwenye dawati la mbele, magoti yamembana, hasira imembana zaidi.

Wa kwanza kusimama alikuwa Kiondo, kijana wa kijiji hicho hicho aliyesafiri kurudi kwa ajili ya mkutano, ndiye aliyetunga programu ya zamu miaka mitano nyuma. Programu ile ilionyesha orodha kwenye simu za wanachama na kufungua lango saa ikifika. Ilipotungwa, kila mtu alitarajia Kiondo atumie ile lugha kubwa ya kutungia programu za tovuti, inayofundishwa kila chuo na kujulikana na kila kijana mwenye kompyuta ya mkononi. Yeye akachagua Tindo. Nchi nzima, wanaoijua Tindo wangeenea kwenye bodaboda moja, na dereva angebaki na nafasi ya kunyoosha miguu.

"Mama Kadeghe, shikamoo," alisema Kiondo. "Mlinipa kompyuta iliyostaafu zahanati. Lugha kubwa isingekaa humo hata wiki. Wenzetu wa bonde la pili waliitumia, na kila masika mfumo wao unalala. Tindo haimruhusu mtunzi kubahatisha. Ukikosea inakukatalia kabla maji hayajatoka. Miaka mitano, kuna mtu aliwahi kukosa zamu?"

Mkutano ukanong'ona: ana haki.

"Na ulipopata kazi Kigali," Namsifu akamuuliza, "hapa ulimwacha nani anayeijua?"

Kiondo akakiri hakumwacha mtu. Alisema aliacha namba yake ukutani, juu ya kompyuta, kwa kalamu nyekundu, na simu yake ilikuwa wazi siku zote nne lango likiwa limefungwa. Haikulia.

"Marahaba," akajibu Namsifu, kwa kuchelewa makusudi. "Miche yangu haikujua kupiga simu."

Wa pili kusimama alikuwa Senzota, aliyeajiriwa badala ya Kiondo. Huyu alisomea lugha kubwa, tangazo la kazi lilitaka lugha kubwa, usaili ulifanywa juu ya lugha kubwa, na siku aliyoripoti akakabidhiwa Tindo. Aliandika barua kusema haisomi, akaomba programu itungwe upya. Akajibiwa kwamba mfumo unafanya kazi, hivyo hakuna tatizo.

Jumatano ile, siku moja kabla ya zamu ya Namsifu, alikuja mgeni rasmi. Senzota akaamriwa lango lifunguke saa nne kamili ili mgeni aone maji yanavyotiririka. Orodha ya Tindo hakuweza kuigusa, basi akatunga programu ndogo kwa lugha yake, akaiweka pembeni. Lango likafunguka, mgeni akapiga makofi, picha zikapigwa. Tindo ilipoona maji yametoka bila zamu ya mtu, ikafunga lango na kuandika ujumbe kwenye kioo cha kompyuta: haitafungua tena mpaka binadamu athibitishe.

"Uliuona huo ujumbe?" aliuliza Namsifu.

"Niliuona, mama. Sikuuelewa."

"Ukafanyaje?"

"Nilizima kioo."

Darasa likaguna. Namba ya kalamu nyekundu ilikuwa juu ya kioo hicho hicho, lakini kijana aliona aibu kumpigia mtu aliyemtangulia kazini na kumwambia hajui. "Mtu anaajiriwa fundi cherehani," alisema, "anakabidhiwa ng'ombe, halafu anaulizwa maziwa yako wapi. Na amri nilipewa. Ningekataa mbele ya mgeni rasmi?"

Mkutano ukanong'ona: naye ana haki.

"Cherehani, ng'ombe," alisema Namsifu. "Mimi nalima vitunguu."

Wa tatu alikuwa Katibu Mbazi, mwenye ufunguo. Alisimama na faili tatu, akavaa miwani, akaivua, akaivaa. Ndiye aliyetoa amri ya Jumatano. Ndiye aliyefungia mpini. Na Kiondo, kabla ya kuondoka, alimwomba kwa barua mara nne, ya kwanza miaka mitatu iliyopita, amruhusu kumfundisha mtu wa pili. Mara nne akajibiwa kwamba ombi limepokelewa na linafanyiwa kazi.

"Katibu," alisema Namsifu, "kazi gani hiyo ya miaka mitatu? Hata mimba ya tembo ingekuwa imezaa na mtoto anatembea."

Katibu hakukasirika. Alilamba kidole, akafunua ukurasa, akasoma muhtasari wa mkutano wa miaka mitano nyuma. Katibu alipinga lugha ya Tindo. Katibu alisema lugha isiyo na wasemaji ni kisima kisicho na kamba. Katibu alitaka lugha inayojulikana. Wanachama walipiga kura, wakamshinda.

"Kwa hiyo nifundishe watu kitu nilichokikataa?" aliuliza. "Nami ningependa mkutano ujue nani alisimama siku hiyo kuniita mzee mwoga wa mambo mapya." Akageuza faili ili watu waone. "Hapa. Namsifu, Mama Kadeghe."

Namsifu akainama kulisoma jina lake mwenyewe. Alikuwa amesahau. Akasema, polepole, kwamba ndiyo, alisema, na angesema tena, maana miaka mitano alikula vitunguu vya Tindo. Aliichagua lugha, hakuchagua kioo kuzimwa, wala barua kulala, wala mtu kuondoka na ufunguo ulio kichwani mwake. Kisha akainuka, dawati likalia, na watatu wote wakajiweka sawa kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti.

"Namtaja," alisema, na kidole chake kikaanza kupanda.

Ninyi mnaonisikiliza, kidole hicho kiko hewani na miche iko kitaluni. Yupo aliyechagua lugha njema isiyojulikana na mtu, kisha akaondoka. Yupo aliyeona asichokielewa akakizima. Yupo aliyeonya mapema, kisha akahakikisha onyo lake linatimia. Zamu ni moja na haigawanyiki. Je, ni zamu ya nani iliyostahili kwenda kwa Namsifu?