Halua Katika Kitabu cha Maziwa

Wajukuu, mpo? Tupo, Bibi. Na masikio mmekuja nayo? Tumekuja nayo. Haya basi, yategeni.

Hapo kale, kale ya kale, jogoo wa kwanza akiwa bado anajifunza kuwika, palikuwa na mji wa Kisingi. Mji huo ulikuwa na kitabu kimoja, kimoja tu, ambamo aliandikwa kila mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke asiye mama yake. Walionyonya titi moja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Kwa hiyo hapakuwa na ndoa mpaka kitabu kisomwe.

Mtunzaji alikuwa Mwinyi Kheri. Alikipenda kitabu, alikipenda mno. Alikifungia sandukuni, sanduku akaliweka sakafuni, ufunguo akautia kiunoni. Na kwa kuwa hakuna mwingine wa kulifungua, humo humo akaificha halua yake, mkewe asiione. Cheka wewe, cheka tu.

Ikafika siku ya Mwanatumu kuolewa na Shaame. Pilau jikoni, ngoma uwanjani, kadhi akaagiza kitabu. Kikaja na msafara wa sisimizi! Ukurasa wa Mwanatumu ulikuwa umegandana na mwenzake, kwa halua. Kadhi akasema bila kusoma haozeshi. Wazee wakaanza kutafuta viatu vyao. Mwinyi Kheri akatamani ardhi immeze.

Mwanatumu akatoka ndani, hina mikononi.

"Miaka mitatu namngoja Shaame," akasema. "Siachwi kwa ajili ya tonge la halua."

Akakichukua kitabu, huyo jikoni, akafunua sufuria la pilau, akakishika juu ya mvuke. Juu kidogo, wino usitoke. Kidogo, kidogo. Ukurasa ukaachia, taratibu, taratibu. Kadhi akasoma: Mwanatumu alinyonyeshwa na Bi Mize. Shaame hakuandikwa humo, maana alinyonya kwa mamake tu, na mamake hakunyonyesha mtoto wa mtu; basi si ndugu. Vigelegele vikapasua paa, na naapa hata sisimizi walicheza.

Tangu hapo kitabu kikapandishwa rafuni, mbali na sakafu na vyakula. Kila Ijumaa Mwinyi Kheri akawa anakitoa kipigwe upepo kivulini, baada ya mkewe kumkagua vidole. Kukifungia kitabu siyo kukitunza, wajukuu.

Na Mwanatumu ndiye aliyemzaa bibi wa bibi yangu. Ukurasa ule ungechanika, leo mngekuwa wapi nyinyi?

Kisa nimekitua. Aliyecheka akanawe mikono, asiyecheka akanawe vilevile, kisha mniletee kitabu kile pale rafuni.