Malengelenge ya Sheikh Mukbili

Wametusimulia waliotutangulia katika wema, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Zabidi, nchi ya Yemeni, alikuwako mwalimu mchamungu akiitwa Sheikh Mukbili bin Sahli. Alikuwa amesomesha miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo safari yake ndefu ilikuwa kutoka nyumbani hadi msikitini. Alipojaaliwa kuazimia kuhiji kwa miguu pamoja na mkewe, Bi Atika, ndevu zake zilikwisha kuwa nyeupe.

Bi Atika alikuwa binti wa mwongoza misafara. Utotoni aliifuata njia ya Makka na baba yake mara tatu, akaijua kama anavyolijua jiko lake. Basi miezi miwili kabla ya safari akaanza kumwandaa mumewe. Kila baada ya Alasiri alimtoa nje ya mji wakatembea, mwanzo hadi kwenye mashamba ya mtama, kisha mbali zaidi, naye Sheikh amebeba mzigo ule ule atakaosafiri nao. Sheikh alipofungasha vitabu saba, Bi Atika alitoa sita.

“Ummu Lukmani, hivyo ni vitabu vya elimu,” Sheikh alilalamika, akimwita kwa jina la mtoto wao.

“Na elimu yake umeihifadhi kifuani, Abu Lukmani. Huko haitakuumiza mabega.”

Akamfunza kutembea kwa mwendo unaomwezesha kuleta dhikri bila kuhema. Akianza kuhema, apunguze. Anywe maji kidogo kidogo kabla kiu haijamshika. Na kila atawadhapo asubiri miguu ikauke, hata katikati ya vidole, ndipo avae, kwani unyevu na mchanga vikikutana huichubua ngozi.

“Na uvae makubadhi yako haya ya zamani,” alimaliza. “Yameshakuzoea.”

Yote Sheikh aliyakubali isipokuwa hilo la mwisho. Moyo wake haukumruhusu kuiendea Nyumba ya Mola wake na makubadhi yenye viraka. Akashonesha mapya, ya ngozi nene ya ngamia. Bi Atika aliyatazama, akatabasamu, akaongeza mafuta ya simsim katika mzigo wake.

Siku ya nne tangu watoke na msafara wa mahujaji, malengelenge yakamtoka visiginoni. Siku ya sita yakapasuka. Sheikh akanyamaza, akijiambia kwamba hii ndiyo subira, na kwamba kulalamika katika njia ya Mwenyezi Mungu ni upungufu wa adabu. Lakini, kama alivyokuja kukiri mwenyewe, ndani ya subira ile mlikuwa na jambo jingine: aliona haya mkewe ajue kwamba alikuwa amesema kweli. Akawa anatawadha mbali naye, nyuma ya ngamia. Bi Atika akimuuliza habari za miguu, hujibu, “Alhamdulillahi, mizima.”

Siku ya kumi na moja wakafika kwenye kisima cha mwisho kabla ya jangwa la mwendo wa siku tatu. Amiri wa msafara, mtu wa maneno machache aitwaye Ghanimu, aliwakusanya watu baada ya sala ya Adhuhuri.

“Maji tutakayobeba ni ya siku tatu, hayana ziada,” alisema. “Mmoja akianguka huko tutamngoja, na tukimngoja yatatuishia sote. Aliye na udhuru aseme sasa. Atabaki na wenyeji wa kisima mpaka apone, kisha afuatane na watakaopita baadaye.”

Sheikh alijua kwamba watakaopita baadaye hawataiwahi Arafa. Alitazama huku na huku. Watu wote walikuwa wameinamisha vichwa. Kisha akamwona mkewe akikaza kamba ya kiriba chao, uso umejaa vumbi. Ikamjia wazi kwamba yeye akianguka jangwani, wa kwanza kuketi kando yake atakuwa huyu, na maji yake atampa yeye. Akasimama.

“Mimi nina udhuru,” alisema. “Wiki nzima nimekuwa nikimdanganya mke wangu kwamba miguu yangu ni mizima.”

Akaketi, akavua makubadhi. Ngozi ya kisigino ikatoka nayo.

Bi Atika akaja, akapiga magoti mbele ya watu, akauweka mguu ule mapajani mwake. Sheikh alingoja lawama, haikuja.

“Abu Lukmani, subira ni kwa yale yasiyo na dawa,” alisema taratibu. “Dawa ya hili ninayo mimi.”

“Nipake, kisha wewe uende na msafara.”

“Niende nikamwambie nini Mola wangu? Kwamba nimekuja, na mgeni Wake nimemwacha kisimani?”

Kisha mtu mmoja mrefu, aliyekuwa akitangulia mbele ya wote kila siku, akaketi mchangani na kuvua viatu vyake. Kidole gumba kilikuwa kimevimba na kuiva usaha. Akafuata mwingine, na bibi mmoja mjane, na ndugu wawili wafumaji. Amiri alipita kati yao akihesabu, akafika kumi na tisa. Uso wake ukabadilika.

“Kama tungetoka leo, ningewazika njiani,” alisema. “Tutapumzika hapa siku nne, na Arafa bado tutaiwahi.”

Bi Atika akachemsha maji ya chumvi, akapitisha sindano motoni, akayatumbua malengelenge yaliyojaa, akapaka mafuta ya simsim na kufunga kwa kitambaa. Vitambaa vilipokwisha, Sheikh alikivua kilemba chake cha ualimu, akaketi karibu naye, akawa anakichana vipande vipande na kumpa mkononi.

Msafara ule uliingia Makka siku ya saba ya Mfunguo Tatu, pasipo kupungua hata mtu mmoja. Waliowaona wawili wale wakiuteremka mlima wa mwisho wanasema walikwenda polepole sana, Sheikh ameegemea bega la mkewe, wote wakilia.

Ndugu zangu, kunyamaza kwetu si subira kila mara. Huenda tunamficha anayetupenda kidonda ambacho dawa yake ameibeba tangu nyumbani. Mwenyezi Mungu awarehemu waja Wake wale, na atupe ulimi wa kusema ukweli tungali kisimani.