Pimbi na Maji ya Msiba

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mlima!

Mlima wa nani?

Wa mwenye magoti!

Haya. Mwenye magoti mabovu abaki hapa chini atungojee, sisi tunapanda.

Hapo zamani za kale kulikuwa na kijiji juu kabisa milimani, kikiitwa Kilandwe. Kilikuwa mbali. Kufuata chumvi ulishuka siku moja na kupanda siku mbili. Mgonjwa akizidiwa alibebwa kwa machela, na wabebaji walipokezana mara saba kabla ya kufika tambarare. Wengine walifika. Wengine walirudishwa nyumbani wakiwa wamefunikwa uso.

Mashamba ya huko yaliinama kama paa la nyumba. Ulidondosha kiazi mlangoni kwako, ukakiokota mlangoni kwa mkweo. Watu wa tambarare walikuwa wakiwauliza, "Ninyi mnaishije huko juu?" Wao walijibu, "Tunaishi kwa zamu."

Zamu yenyewe ilikuwa ya maji. Kilandwe walikuwa na mfereji mmoja uliotoka kwenye chemchemi, na mfereji ukamwaga maji kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo. Linajaa usiku kucha, asubuhi kizibo kinachomolewa, maji yanashuka shambani kwa mwenye zamu. Leo kwako, kesho kwa jirani, na zamu yako inarudi baada ya siku saba. Watu na wanyama walikuwa kijiji kimoja na mfereji mmoja. Msiniulize waliwezaje, nami nimesimuliwa hivyo hivyo.

Mwenye kushika kizibo alikuwa Mzee Nungunungu. Hakuna aliyebishana naye, na ukimtazama mgongo utajua kwa nini.

Sasa sikilizeni desturi yao moja, maana hadithi yote imekaa hapo. Huko Kilandwe mtu akifiwa, hasubiri zamu. Anapewa maji ya yule anayemfuata kwa zamu, kwa sababu wageni wa msiba watataka kunywa, kunawa na kupikiwa. Maji hayo waliyaita maji ya msiba. Siku ya kuanua matanga, mfiwa anayarudisha kwa aliyempa. Na mwenye msiba haulizwi maswali. Unampa pole, unampa maji, unanyamaza.

Mnaona desturi nzuri hiyo? Basi Pimbi naye aliiona.

Pimbi alikaa kwenye mawe juu ya ndiva. Alikuwa mfupi, mnene, hana mkia, na mdomo wake haukupumzika. Zamu yake ya maji ilifuatiwa na zamu ya mjane mmoja aitwaye Nakiete. Nakiete alikuwa na shamba moja la maharage, basi. Mwaka wa jana mvua ilimkatalia, akala mpaka mbegu, akabakiwa na kibuyu kimoja cha mbegu. Kibuyu hicho ndicho alichokuwa amekipanda. Maharage yakiungua, hana mbegu. Asipokuwa na mbegu, atashuka tambarare kulima vibarua kwenye mashamba ya watu. Na waliokwisha kushuka namna hiyo hawakupanda tena, mashamba yao yalichukuliwa na vichaka.

Siku ya zamu yake ya kwanza, Nakiete akaamka na jembe lake, akaenda kwenye ndiva. Akamkuta Pimbi amekaa juu ya kizibo, kichwa mikononi, analia:

"Nimefiwa mie, nimefiwa,
nani atanifuta machozi?
Maji, nipeni maji,
msiba hauna zamu."

Nakiete akasema, "Pole, ndugu yangu. Nani tena?"

"Shangazi," akasema Pimbi. "Kafia ng'ambo, kwenye majabali. Wamekwisha kumzika, maana sisi pimbi hatuchelewi."

"Pole sana. Basi chukua maji."

Maji yakaenda kwa Pimbi. Nakiete akarudi na jembe kavu. Siku saba zikapita, majani ya maharage yake yakajikunja.

Zamu ya pili ikafika. Nakiete akaenda kwenye ndiva. Akamkuta Pimbi juu ya kizibo:

"Nimefiwa mie, nimefiwa,
nani atanifuta machozi?
Maji, nipeni maji,
msiba hauna zamu."

"Pole, ndugu yangu. Nani tena?"

"Mjomba. Alikuwa anafuata chumvi, kaanguka korongoni. Hakuna hata cha kuzika, dada yangu, hakuna."

Nakiete akatazama shamba la Pimbi. Maharage yake yalikuwa yamesimama, ya kijani, yameanza kubeba. Akamgeukia Mzee Nungunungu. Nungunungu akatazama pembeni. Mwenye msiba haulizwi.

"Na matanga ya shangazi unaanua lini?" Nakiete akasema. "Nirudishiwe maji yangu."

"Ndugu zangu wako mbali, hawajafika wote. Wewe unataka nianue matanga ya shangazi, na mjomba je?"

Nakiete akatia jembe lake begani. Alikuwa na hasira, lakini akaimeza. Maji yakaenda kwa Pimbi. Siku saba zikapita, maua ya maharage ya Nakiete yakaanguka, yakabaki machache kwenye mstari wa chini wenye kivuli.

Wewe unayesinzia pale, amka. Maharage hayajawahi kuota kwa aliyelala.

Zamu ya tatu ikafika. Nakiete alijua kwamba asipopata maji siku hiyo, kesho anafunga mzigo. Akaenda kwenye ndiva na jembe lake. Akamkuta nani juu ya kizibo?

Pimbi!

Pimbi huyo huyo. Tamaa mbele, mauti nyuma, ila huyu mauti aliyatanguliza mwenyewe. Akalia wimbo wake, safari hii akajigaragaza vumbini.

"Pole, ndugu yangu. Nani tena?"

Hapo Pimbi akakwama. Shangazi amekwisha kufa, mjomba amekwisha kufa, na kati ya waliobaki hakumkumbuka hata mmoja wa kumtaja. Akasema, "Mama."

"Mama yako? Bi Pimbi wa ng'ambo ya bonde?"

"Ndiye."

Nakiete akaweka jembe chini. Hakumwambia wewe mwongo. Hakumuuliza lini, wala kwa ugonjwa gani. Akasema, "Shangazi tulikupa pole tu. Mjomba tulikupa pole tu. Lakini mama ni mama. Mama wa jirani hazikwi kimya kimya kama sisi hatupo. Mzee Nungunungu, piga mbiu."

"Hapana, dada, msisumbuke," akasema Pimbi. "Watu wana kazi."

"Kazi gani inayozidi mama?" akasema Nakiete.

Nungunungu akapiga mbiu. Na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Wakaja watu na majembe begani. Akaja Nyani na wake zake na watoto wasiohesabika. Akaja Kanga na kelele zake. Wote wakapanda kwa Pimbi, wakakaa chini, wakalia.

Desturi ya huko, mfiwa hunyolewa. Wakamshika Pimbi, wakamnyoa kipande mgongoni kwa ajili ya shangazi. Wakamnyoa hapo hapo kwa ajili ya mjomba. Wakamnyoa tena hapo hapo kwa ajili ya mama, na wembe ulikuwa umekwisha kuwa butu. Mpaka leo mtazameni Pimbi mgongoni, nywele za mahali pale ziliota na rangi nyingine.

Desturi ya huko tena, chakula cha matanga hutoka shambani kwa mfiwa. Nyani akauliza kwa heshima, "Shamba ni lipi?" Akaonyeshwa. Wakaingia. Wakala matanga ya shangazi, mistari ya juu ikaisha.

Pimbi akasema, "Ndugu zangu, nashukuru, matanga yametosha."

"Hayo ni ya shangazi," akasema Nakiete. "Bado mjomba."

Wakala matanga ya mjomba, mistari ya kati ikaisha.

"Ndugu zangu, jamani, yametosha."

"Hayo ni ya mjomba. Bado mama."

Pimbi alitaka kusema kitu, lakini mfiwa wa Kilandwe hazungumzii chakula. Ni aibu. Akakaa na kipara chake cha mgongoni, akasikiliza maharage yake yanavyotafunwa.

Sasa mbiu ile haikusikika Kilandwe peke yake. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na bibi kizee, naye akaisikia. Akachukua mkongojo wake, akashuka bonde, akapanda bonde, akafika jua likiwa utosini. Akakaa nyuma ya wote karibu na Kanga, akafunika uso, akalia kama mtu mwenye adabu anavyolia kwenye msiba wa jirani. Alipomaliza akauliza, "Mwanangu, tunamlilia nani?"

Kanga akasema, "Mama yake Pimbi."

"Maskini," akasema yule bibi. "Mama yake Pimbi yupi?"

"Huyu huyu Pimbi wa kwenye ndiva."

Yule bibi akafunua uso. Akasimama kwa mkongojo wake. Watu wakageuka mmoja mmoja, vilio vikakatika, hata watoto wa Nyani wakaacha kutafuna.

Bi Pimbi akasema, "Pimbi."

Pimbi hakuinua uso.

"Umenizika kwa nini?"

"Mama, ilikuwa maneno tu."

"Nauliza, kwa nini?"

"Kwa maji, mama. Ya siku moja."

Bi Pimbi akatikisa kichwa. "Nilikubeba mgongoni nikikutoa motoni ng'ambo ile, mwaka msitu ulipoungua," akasema. "Wewe umenipima ukaona nafaa maji ya siku moja. Haya. Aliyezikwa harudi nyumbani kwa mwanawe." Akawageukia watu, akawashukuru kwa kilio chao, kila mmoja kwa jina, akashuka bonde. Hakuna aliyemcheka Pimbi. Ilikuwa imepita mahali pa kucheka.

Mzee Nungunungu akasema, "Matanga matatu yameanuliwa leo. Maji ya siku tatu yarudi kwa mwenyewe." Akachomoa kizibo.

Maji yakaenda kwa Nakiete siku ya kwanza, siku ya pili na siku ya tatu. Maharage mengi yalikuwa yamekwisha kufa. Yale ya mstari wa chini yakainuka. Alipovuna hakujaza gunia, wala hakujaza kikapu. Alijaza kibuyu kimoja. Akakiziba kwa gunzi, akakitundika juu ya moshi wa jikoni. Hakushuka tambarare mwaka ule, wala mwaka uliofuata.

Mnadhani imeisha? Ningekuwa mtu mwema ningeishia hapo.

Ulipofika msimu wa baridi, ukungu ukakaa mlimani siku nyingi bila kuondoka. Asubuhi moja Pimbi akashuka mbio kutoka ng'ambo ya bonde, akapanda juu ya jiwe lake, akalia. Hakuimba wimbo wake. Alilia tu.

"Mama yangu amekufa. Njooni mnisaidie kumbeba. Mimi peke yangu siwezi."

Nyani alisikia, akasema, "Leo anataka maji ya nani?" Akaendelea kuchuma. Kanga alisikia, akacheka. Mzee Nungunungu alisikia, akashika kizibo kwa mikono miwili.

Nakiete alisikia pia. Akasimamisha jembe. Akasikiliza kwa muda, akasema moyoni, kilio hiki si kile. Lakini ilikuwa siku ya zamu yake, maji yalikuwa yamekwisha kuingia shambani, na maji ukiyaacha mlimani yanakula udongo. Akasema, nikimaliza mstari huu nitakwenda. Mstari ukaisha, akaanza mwingine.

Pimbi alimzika mama yake peke yake, kwa kucha zake. Hakuna aliyemnyoa. Hakuna aliyempa pole. Maji ya msiba hakuyaomba, na tangu siku ile hakugusa tena maji ya mfereji. Hulamba umande kwenye majani. Na asubuhi za ukungu, ukipita karibu na majabali, utamsikia analia. Wapita njia husema, "Ni Pimbi tu," wakaenda zao.

Basi wajukuu zangu, funzo ni hili. Usimzike aliye hai kwa sababu ya tamaa. Msiba wa uongo hula pole za msiba wa kweli, na siku yako itakapofika utalia mwenyewe na kujifuta mwenyewe. Wewe nawe unayejua kutofautisha vilio, ukisikia cha kweli, nenda. Usimalize mstari.

Hadithi yangu nimeipandisha mlimani, nimeishusha, naitua hapa. Anayeitaka aibebe.

Tumeibeba!