Chupa Tano za Bwana Taufiki

Hapo zamani, zamani isiyo ya mbali sana kwa kuwa gari limo ndani yake, palikuwa na Sultani wa mji wa Mtangani aliyeitwa Sultani Mafudhi. Alikuwa mtu mwenye afya njema kupita kiasi, na jambo hilo lilimtia wasiwasi mkubwa. Kila asubuhi alikunywa dawa saba: ya ini, ya macho, ya kuleta usingizi, ya kuondoa usingizi, na tatu nyingine ambazo hata waliomletea hawakukumbuka ni za nini. Tabibu akithubutu kumwambia, "Maulana, huna ugonjwa," alifukuzwa siku hiyo hiyo, akaletwa mwingine mwenye elimu zaidi.

Basi Sultani huyo alikuwa na gari, nalo lilikuwa la pekee katika nchi nzima, jeusi, lenye taa mbili kubwa za shaba. Kazi yake ilikuwa moja tu, kumpeleka msikitini kila Ijumaa, mwendo ambao mtu mzima huumaliza kwa miguu kabla kahawa yake haijapoa. Dereva wake aliitwa Mbaruku, mtu wa maneno machache, aliyelitunza kwa kufuata kitabu kilichokuja nalo. Kitabu kikisema petroli, alitia petroli. Kikisema oili ya giaboksi ibadilishwe, aliibadilisha. Kisiposema kitu, alipangusa vioo akaenda zake nyumbani. Ikawa miaka sita gari halijakohoa hata mara moja.

Ndipo akaja Bwana Taufiki. Alivaa koti jeupe, akajiita Tabibu wa Magari, na nyuma yake wachukuzi wawili walibeba kasha la chupa. Chupa nyekundu zilikuwa za kutiwa kwenye petroli, na za kijani za kutiwa kwenye giaboksi.

"Maulana," akasema huku ameinama, "chupa moja nyekundu hupunguza ulaji wa petroli kwa robo kamili. Na hii ya kijani hulainisha gia hata zikaingia kabla dereva hajazifikiria."

Sultani akafurahi kuliko siku aliyonunua gari lenyewe. Akamwita Mbaruku, akamuuliza gari linaumwa nini.

Mbaruku akajibu, "Maulana, gari haliumwi. Gari linataka petroli safi na oili yake, basi."

Laiti angenyamaza! Maneno ya namna ile Sultani alikwisha kuyasikia kwa kila tabibu aliyemfukuza, akachukia sana. Akaamuru dawa zitiwe, na Mbaruku akatia, maana amri ni amri. Ijumaa iliyofuata gia ya pili ikawa inaruka. Mbaruku akiiingiza, yenyewe inatoka. Injini inanguruma kwa ghadhabu, na gari limesimama palepale mbele ya watu, huku kilemba cha Sultani kimemwangukia puani.

"Hiyo ndiyo dalili ya kupona," akasema Bwana Taufiki bila kupepesa macho. "Dawa inatoa uchafu wa miaka sita. Ila dereva ametia kwa moyo wa shaka, Maulana, na dawa haipendi shaka."

Basi Mbaruku akatiwa gerezani kwa kosa la shaka, na mpiga mbiu akazunguka mji akitangaza kwamba neno la Bwana Taufiki juu ya gari ni neno la Sultani, na atakayelipunguza hata herufi moja atafungwa, awe nani.

Sasa, Mbaruku alikuwa na mke, jina lake Mashavu, muuza vitumbua, na mtaani walimhesabu kuwa punguani. Ilisemekana kwamba mwaka alioolewa mama mkwe wake alimwambia, "Niangalizie chungu," naye akakiangalia, akakiangalia, mpaka wali ukaungua wote. Kweli alikiangalia. Tangu siku ile mama mkwe hakumtuma tena jikoni, na mpaka leo watu hawajakubaliana ni nani kati ya wale wawili aliyekuwa punguani.

Mashavu alilia siku mbili, akalia kwelikweli, maana alimpenda mumewe na nyumba bila yeye ilimshinda. Siku ya tatu akanawa uso, akajitanda kanga, akaenda barazani kwa Sultani.

"Maulana," akasema, "nimekuja kumwombea mume wangu."

Sultani akacheka, kwa kuwa habari za upunguani wa Mashavu alikwisha kuzisikia. Akasema, "Ewe mwanamke, dereva sina, na gari linahitaji mtu wa kuliandaa. Utaliandaa wewe kwa dawa za Bwana Taufiki. Ijumaa likinifikisha msikitini kwa petroli kidogo kuliko iliyopata kutumika katika nchi hii, mumeo atatoka. Lisiponifikisha, nitampeleka kisiwa cha wafungwa, wala hutamwona tena."

Watu wa baraza wakatazamana, kwani wote walijua kwamba Mashavu hajui tangi liko mbele au nyuma.  Akauliza, "Maulana, neno la Bwana Taufiki nilifuate lote, au nichague?"

"Lote. Usilipunguze hata herufi."

"Na mwenye kulipunguza?"

"Gerezani, awe nani. Nimekwisha kusema."

Mashavu akamgeukia Bwana Taufiki. "Bwana wangu, mimi mjinga, nieleweshe. Chupa moja huondoa robo ya petroli?"

"Robo kamili."

"Na nikitia ya pili? Au ya pili huwa imechoka?"

Hapo Bwana Taufiki akaona mlango wa kuuza umefunguka. Akapiga kifua, akasema, "Dawa yangu haichoki! Kila chupa ina nguvu sawasawa na iliyotangulia. Tia moja, umeondoa robo. Tia mbili, umeondoa nusu. Kadiri unavyozidisha ndivyo unavyofaidi, na naapa mbele ya Maulana."

"Basi nipe tano," akasema Mashavu, na Sultani akaagiza apewe.

Ikafika Ijumaa. Watu walijipanga njiani toka mlango wa jumba mpaka msikitini, kadhi na mawaziri wakiwa mbele. Sultani akaketi kiti cha nyuma, amenyooka, ameshika fimbo yake ya fedha. Bwana Taufiki mwenyewe ndiye aliyeshika usukani, kwa kuwa aliitaka heshima ile. Mashavu alisimama kando ya gari, mikono ameifumbata, maana alijua mumewe yuko baina ya nyumba na kisiwa.

Bwana Taufiki akawasha. Gari likakohoa, likatoa moshi mwekundu kidogo, likanyamaza. Akashuka, akazungusha hendeli ya kuwashia injini mpaka koti jeupe likalowa jasho. Kimya. Akafungua tangi, akachungulia, akapiga kelele, "Petroli iko wapi?"

"Petroli ya nini, bwana wangu?" akauliza Mashavu. "Chupa ya kwanza imeondoa robo. Ya pili ikaondoa robo, ya tatu robo, ya nne robo. Nimehesabu kwa vidole, nikawapa na majirani wakahesabu. Gari halidai tena hata tone. Niliyoikuta tangini nimeitoa yote, nisije nikaonekana nina shaka."

Sultani akatoa kichwa dirishani. "Na lile beseni chini ya gari ni la nini?"

"La chupa ya tano, Maulana. Ile kwa hesabu haina tena cha kupunguza, itabidi ilete petroli mpya. Nikaona ikifurika isimwagike bure."

Kadhi akajifunika mdomo kwa mkono wa joho, na mabega yake yakaanza kutikisika. Bwana Taufiki alipoona watu wanakonyezana, hasira zikampanda, akasahau alipo na aliyoyasema.

"Punguani we!" akafoka. "Umesikia wapi dawa ikaendesha gari? Hata ukitia chupa mia! Gari linataka petroli safi na oili yake, basi!"

 Mashavu akapiga magoti mavumbini. "Maulana," akasema, "maneno haya nimepata kuyasikia, na aliyeyasema yuko gerezani. Nami naomba hukumu. Aliyelipunguza neno la Bwana Taufiki ni mimi niliyetia chupa zote tano, au ni Bwana Taufiki?"

Sultani akamtazama Mashavu, akamtazama Taufiki, akatazama lile beseni kavu, kisha akaangua kicheko hata fimbo ikamtoka mkononi. Askari wakamkamata Taufiki wamburure gerezani, lakini Mashavu akasema, "Usimfunge, Maulana. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kusema kweli. Ukimfunga kwa hilo watakuwa wawili."

"Nami nitafikaje msikitini?"

"Mwenye dawa ya nguvu yupo. Asukume."

Basi Bwana Taufiki akasukuma gari, Sultani ndani yake, toka jumbani mpaka msikitini, na kwa hakika gari halikutumia hata tone. Walipofika, Mbaruku alikuwa amekwisha kuletwa pale kwa amri ya Sultani, amekonda, pingu zimetolewa. Mashavu akamkimbilia, akamshika mkono asiuachie tena.

Sultani, akiwa bado anafuta machozi ya kicheko, akamuuliza mbele ya watu wote, "Haya Mbaruku, tuambie sasa, gari langu linataka nini?"

Mbaruku akalitazama gari, akamtazama askari aliyemleta, akainamisha kichwa. "Maulana," akasema, "linataka lile utakalosema wewe."

Watu wakacheka wakidhani ni mzaha. Mashavu hakucheka, kwa kuwa alimjua mumewe, wala mumewe hakuwa mtu wa mizaha. Na Sultani kicheko kikamkatika, akaona haya mbele ya raia wake, haya ambayo hata dawa zake saba hazikuwa na chupa yake. Akaifuta ile amri palepale, akamkabidhi Mbaruku gari na kitabu chake, akaingia kusali bila kumtazama mtu.

Mbaruku alimwaga dawa nyekundu ya tangini na ile ya kijani ya giaboksi, akatia petroli safi na oili iliyoandikwa kitabuni, na gari likaanza kwenda. Lakini yeye mwenyewe hakupona upesi. Mwezi mzima Sultani alimuuliza hili na lile, na jibu likawa, "Upendavyo, Maulana." Mpaka Ijumaa moja Sultani akamwamuru apige honi ili watu wapishe, na mwadhini yuko katikati ya adhana.

"Hapana," akasema Mbaruku.

 Sultani akashuka garini, akaenda mwenyewe mpaka kwenye sinia la vitumbua la Mashavu pembeni ya njia, akamwambia, "Bibi Mashavu, mumeo amerudi."