Sange na Hadithi ya Matundu

Wenyeji, mpo?
Tupo.
Nina uongo wangu, mnautaka?
Ulete, tuuchambue.
Nikikosea?
Tutakurekebisha.
Nikipatia?
Tutakutilia shaka.
Basi kaeni.

Hapo kale, katika bonde moja lenye migomba, wanyama walilima shamba moja la mahindi, na mavuno wakayaweka katika ghala moja la fito. Mlinzi wa ghala alikuwa Nyani, dume kubwa lenye manyoya ya kijivu na meno marefu kama vidole. Nyani hakumwamini mtu. Wawili wakinong'ona, alidhani wanamsema yeye. Wawili wakinyamaza, alidhani wamemaliza kumsema.

Bondeni humo aliishi Sange. Mnamjua sange? Kamnyama kadogo kama panya, kenye pua ndefu kama mkonga. Kazi yake ilikuwa kutunga hadithi. Aliziandika kwa mwiba juu ya majani makavu ya mgomba, kisha akawasomea wenzake kivulini. Lakini hadithi zake hazikuwa kama za wengine. Moja ilianza na mazishi ikaishia kwenye kuzaliwa. Moja ilisimuliwa na chungu. Moja ilikuwa maswali matupu. Wanyama walilalamika, "Sange, tuandikie kitu kinachoeleweka," na kesho yake walirudi kusikiliza.

Nyani naye alizisikia. Akakuna kwapa, kwaru, kwaru. Akasema moyoni, "Hapa pana jambo. Huyo chungu ni mimi."

Mwaka huo mahindi yakaanza kupungua ghalani. Nyani akaita baraza.

"Mwizi ni Kindi," akasema. "Nani mwingine hapa ana mazoea ya kuficha chakula?"

Kindi alikuwa mama wa watoto wanne. Alilia, akaapa, haikusaidia. Baraza likaamua kwamba siku ya Ijumaa Kindi na wanawe wavuke mto, wakakae ng'ambo, kule anakowinda Kipanga. Kila mtu alijua maana yake, na kila mtu akatazama chini.

Sange alikuwa jirani yake. Alikwenda nyumbani, akaandika mchana kutwa. Akifika penye neno fulani haliandiki. Analitafuna jani, katu katu katu, anaacha tundu. Anaandika tena, katu katu katu, tundu jingine. Alipomaliza akaenda kwa Nyani kuomba ruhusa. Alitaka kusoma hadithi siku ya Ijumaa, ya kumuaga jirani yake.

"Ilete niione kwanza," akasema Nyani.

Akasoma. "Mwizi aliyeitwa..." Tundu. "Aliingia ghalani wakati wa..." Tundu. "Akapitia..." Tundu. Akaligeuza jani juu chini. Akachungulia ndani ya tundu, akaiona pua ya Sange upande wa pili. Kwaru, kwaru. Hapa pana jambo.

"Hapa palikuwa na neno gani?"

"Hapakuwa na neno, bwana."

"Umelila?"

"Nimelila jani. Neno analo msomaji."

"Na mwizi anaitwa nani?"

"Hapo pia pana tundu, bwana."

Sasa Nyani akauona mpango wote. Ijumaa watu watakaa, na katika kila tundu watachomeka jina lake. Akiikataza hadithi, watauliza anaogopa nini. Akiiruhusu, watamsema. Alifikiri mpaka mgongo ukamwasha.

"Itasomwa," akasema. "Lakini nitaisoma mimi. Na matundu nitayaziba mimi mwenyewe."

Sange akainamisha pua. "Upendavyo, bwana."

Nyani hakupenda jinsi alivyokubali haraka. Lakini alikwisha kusema.

Ijumaa ikafika. Kindi alikaa na kifurushi chake, watoto wamemshika mkia. Nyani akapanda juu ya jiwe, akalishika jani kwa mikono miwili.

"Mwizi aliyeitwa..." akaziba, "Kindi, aliingia ghalani wakati wa..." akaziba, "jua la utosini, watu wote wakiwa mtoni. Akapitia..."

"Mlangoni," akadakia Nguchiro kutoka nyuma.

Nyani akamkazia macho. Mlangoni? Mlangoni anakaa nani kama si mlinzi? Huyu ana lake.

"Si mlangoni," akasema. "Mlango ule unalia kwiii, mtu angesikia. Alipita nyuma, kwenye ufito wa tatu, ule uliolegea."

Wanyama wakatazamana. Hakuna aliyejua kwamba nyuma kuna ufito uliolegea.

"Akayatoa mahindi kwa..." akaziba, "kuingiza mkono mpaka begani, maana ya karibu yamekwisha."

Kindi akautazama mkono wake, mfupi kama ganda la choroko.

"Akayaficha..."

Tundu la mwisho. Watu kimya. Nyani hakuupenda ukimya ule. Alihisi midomo yote inataka kusema "kwa Nyani", na pale pale akatafuta kichwani mahali pengine pa kutaja. Lakini Nyani hakuwa mtunzi. Alitafuta pango la uongo, akakuta lile moja tu analolijua.

"Pangoni," akasema. "Juu ya jabali jeupe, nyuma ya mzinga uliohamwa na nyuki."

Paa hakungoja mwisho. Tipu tipu tipu, akapanda jabali. Walikaa wakingoja, na Nyani akajikuna makwapa yote mawili. Tipu tipu tipu, Paa akarudi na hindi kavu mdomoni. Akalitua chini.

"Yamejaa hadi juu," akasema. "Na magunzi yaliyogugunwa, na manyoya marefu ya kijivu pale anapolala mwenyewe."

"Lakini hii ni hadithi tu," akasema Nyani. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Kaitunga Sange. Muulizeni yeye."

"Mimi nimetunga matundu, bwana," akasema Sange.

Jioni ile aliyevuka mto alikuwa Nyani, peke yake, akigeuka nyuma kila hatua mbili. Kindi akafungua kifurushi, akawapa watoto chakula. Na Sange akaendelea kuandika. Wasikilizaji wake walizidi, ila tangu siku hiyo walikaa mbali kidogo, na penye tundu kila mmoja alifunga mdomo akamtazama mwenzake.

Nami nimefika ukingoni, sina pa kupeleka mguu. Mwenye kuipenda aondoke nayo, asiyeipenda aniachie, kuna jirani yangu ataichukua.

Funzo ni hili, watoto: hadithi njema ina mwanzo, kati na mwisho, na maandishi yenye matundu hayajawahi kumfaa mtu yeyote. Kindi na wanawe wanne wanakataa, lakini hao hawajasoma shule.